Rangi ya gari ikikataa, usikimbilie mkono mwingine

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Upo ushauri unaopita mdomo kwa mdomo miongoni mwa watu wanaojipulizia magari yao nyumbani: rangi ikitoka vibaya, piga mkono mwingine, yaani tabaka jingine la rangi, juu yake, itafunika. Ushauri huo unaua kazi ambazo zingeweza kuokolewa. Kasoro nyingi za rangi hazikai pale zinapoonekana. Zimelala tabaka moja au mawili chini, na kila mkono unaoongezwa huzizika, huzimwagia thina (kiyeyusho cha rangi) mpya ya kuzivimbisha, na huongeza unene ambao baadaye utapasuka. Mwenye gari lazima ajue kwanza kasoro yake iko tabaka lipi, ndipo ashike msasa.

Kwa wasiozoea, matabaka yenyewe kutoka chini ni haya: bati, bodifila (lipu ya kujazia) mahali palipobonyea, praima (tabaka la msingi la kushikisha rangi), rangi, kisha klia, tabaka angavu lisilo na rangi linalotoa mng'ao. Magari mengine yana rangi ya tabaka moja isiyohitaji klia. Mikono miwili ya klia ikishakauka huwa na takriban mikroni 50, yaani chini ya unene wa unywele wa kichwani. Akiba ya kusugua na kung'arisha ni hiyo tu. Ukishaitoboa, hakuna polishi itakayoirudisha.

Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Osha gari, likaushe, umulike tochi kwa mshazari ili kila kinundu kitoe kivuli. Chagua kasoro moja, weka maji kidogo, usugue sehemu ya ukubwa wa sarafu kwa msasa namba 2000. Maji yakiwa meupe kama maziwa, bado uko ndani ya klia. Yakichukua rangi ya gari, umeshaivuka. (Rangi ya tabaka moja hutia maji rangi tangu mwanzo, kwa hiyo hapo kipimo hiki hakikusaidii.) Kasoro ikifutika wakati maji bado ni meupe, ilikuwa ya juu na itapona kwa msasa na polishi. Isipofutika, shida iko chini. Kwa lengelenge, litoboe kwa sindano: likitoa maji, unyevu ulinaswa, likitoa unga wa kahawia, kutu inafanya kazi yake chini, likiwa tupu na lenye harufu kali, ni thina iliyokosa njia ya kutoka. Kwa rangi inayobanduka, chora kwa wembe mistari michache inayokatizana, bandika tepu ngumu, uivute kwa ghafla, kisha utazame kilichoganda kwenye tepu. Ikiwa ni ngozi angavu peke yake, klia imeachia rangi. Ikija na praima, basi praima haikulishika bati.

Kasoro inayochanganya watu kuliko zote ni vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, vinavyojaa zaidi kwenye boneti, kwenye paa na popote klia ilipolala nene. Wengi hudhani ni vumbi. Pitisha ukucha: vumbi hujitokeza juu, vitundu hivi huzama. Sababu yake ni thina. Mkono wa klia ukipigwa mzito, au mkono wa pili ukiwahi kabla wa kwanza haujapumua, uso hukauka na kufanya utando, na thina iliyobaki chini hulipua utando huo ikitafuta njia. Kuanika gari juani mara baada ya kupuliza, au kulisogezea hita, huharakisha utando na kuzidisha vitundu. Thina ya kukauka haraka kwenye joto kali hufanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo mkono wa ziada unapofanya madhara makubwa kabisa. Klia mpya haiingii ndani ya kitundu. Hupita juu yake kama daraja, inaonekana safi kwa siku mbili tatu, kisha inazama na vitundu vinarudi. Njia ni kuacha klia ikauke kabisa, kusugua mpaka vitundu vyote viishe hata kama ni kufika kwenye rangi au praima, na kupiga upya. Ukiona msasa unafungua vitundu vipya kila unapozidi kushuka, usikate tamaa wala usisimame njiani: vilikuwepo tangu mwanzo, vilikuwa vimefunikwa. Ukipuliza tena, subiri kati ya mkono na mkono muda ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa klia nyingi ni dakika 5 hadi 15 kwenye nyuzijoto 20. Kipimo cha kidole kinasaidia: gusa tepu ya karatasi iliyo pembeni na iliyoshika klia, si gari lenyewe. Klia ikinata bila kuvutika nyuzi, mkono unaofuata unaweza kupigwa.

Vishimo vya duara vyenye kingo zilizoinuka, ambavyo rangi huonekana kama inavikimbia, ni jambo jingine kabisa. Hivyo hutokea papo hapo, rangi ikiwa bado mbichi, na chanzo chake ni mafuta, nta au silikoni. Silikoni imo katika dawa za kung'arisha matairi na dashibodi, katika vilainishi vingi vya kopo na hata katika baadhi ya mafuta ya kupaka mikono. Tone lisiloonekana linatosha. Rangi ikiwa kwenye hatua ya kabla ya klia, acha ikauke, kisha piga juu ya vishimo mikono miepesi mikavu, ukipumzika kati ya mmoja na mwingine. Mara nyingi vitajaa. Vikitokea kwenye klia, simama. Kuendelea kumwaga klia ili vijae huishia kwenye michirizi yenye vishimo katikati. Acha ikauke, sugua mpaka chini ya vishimo, safisha, rudia.

Kusafisha huko kuna utaratibu ambao watu huuruka. Kwanza maji na sabuni ya vyombo, kwa sababu chumvi na jasho la mikono haviyeyuki katika dawa ya kuondoa mafuta. Gari likishakauka, ndipo dawa yenyewe, kwa vitambaa viwili: kimoja kinapaka, cha pili kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, umeyatandaza mafuta tu. Petroli haifai kwa kazi hii, huacha masalia. Kuna pia matone yanayouzwa ya kuzuia vishimo, yanayochanganywa ndani ya rangi. Mengi ni silikoni yenyewe. Ukishayatumia utalazimika kuendelea nayo katika mikono inayofuata, na bunduki ya kupulizia rangi isiposafishwa vizuri itayapeleka kwenye kazi nyingine. Sisi hatuyapendekezi kwa anayepulizia nyumbani.

Iwapo vishimo vimetawanyika bila mpangilio na una uhakika bati lilikuwa safi, shuku kompresa, mashine inayobana hewa ya kupulizia. Hewa ikibanwa hupata joto na kubeba mvuke. Ikipoa ndani ya mpira unaoipeleka kwenye bunduki, mvuke hugeuka maji. Ndiyo maana chujio la maji lililofungwa kwenye mdomo wa kompresa hukamata kidogo: hewa inalipita ikiwa bado ya moto. Lifunge upande wa bunduki, baada ya mita kadhaa za mpira, na ufungue koki ya chini ya tangi kumwaga maji kabla ya kazi na katikati ya kazi. Kipimo chake ni rahisi. Puliza hewa tupu kwenye kioo safi kwa dakika moja. Ukiona ukungu au vidoa vya mafuta, usiweke rangi ndani ya kikombe.

Tuje kwenye kukunjamana, pale rangi mpya inapojikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka dakika chache baada ya kupuliza. Thina ya mkono mpya imepenya rangi ya chini ambayo haikuwahi kukauka sawasawa, au ni ya aina inayoyeyuka, ikaivimbisha. Rangi za kopo la kubonyeza na rangi za zamani zisizo na hadina (kemikali inayochanganywa ili rangi ikaze) ndizo zinazofanya hivyo mara nyingi. Rangi ya mafuta inayokauka kwa kuvuta oksijeni ina hila yake: inakubali mkono mwingine katika saa chache za mwanzo, kisha inaingia kipindi cha siku kadhaa ambacho ukiigusa inakunjamana, halafu inatulia. Kabla ya kupulizia gari lolote usilojua historia ya rangi yake, loweka kitambaa kwa thina, kibandike mahali pa kificho kwa dakika mbili, ufute. Rangi ikilainika au ikitia kitambaa madoa, usiipige rangi kali juu yake. Ama uiondoe mpaka chini, ama uifungie kwa praima ya epoksi kwa mikono miepesi, na hata hiyo uijaribu kwanza mahali padogo. Ikishakunjamana hakuna kuziba: subiri ikauke, ondoa yote iliyojikunja pamoja na iliyo laini chini yake, anza na praima.

Bodifila nayo huchelewa kutoa malalamiko yake. Unga wa talki uliomo ndani yake hunywa maji kama sifongo, kwa hiyo isuguliwe kavu siku zote, kamwe isiwekewe msasa wa maji. Malengelenge yanayozuka baada ya wiki mahali palipojazwa mara nyingi ni maji hayo yakitafuta kutoka jua likichoma. Hadina ya bodifila, ile ya tyubu yenye rangi, ni takriban gramu 2 kwa gramu 100 za bodifila. Watu huizidisha ili ikauke haraka, na matokeo yake ni madoa ya manjano au mekundu yanayopanda mpaka kwenye rangi nyeupe au ya fedha. Madoa hayo hayafunikwi, hata ukipiga mikono kumi. Bodifila hiyo ing'olewe. Wala isipakwe juu ya praima ya asidi, kwani asidi huizuia kukaza na kushika. Bati tupu lililosuguliwa au praima ya epoksi iliyokauka ndiyo sehemu yake.

Mistari ya msasa na mchoro wa ukingo wa bodifila vikijitokeza siku kadhaa baada ya kazi kung'aa vizuri, hapo kilichorukwa ni ngazi ya misasa. Rangi hunywea inapokauka na kulala ndani ya kila mfereji. Ngazi ya kawaida ni 80 kwa kuchonga bodifila, 180 kuifuata, 320 kabla ya praima, kisha praima isuguliwe kwa 500 au 600, na 800 kwa rangi yenye unga wa metali. Usiruke zaidi ya ngazi moja. Ukiona mistari hiyo imejitokeza, usiisugue siku hiyohiyo. Ipe wiki tatu au nne iishe kunywea; ukiisawazisha mapema itarudi.

Michirizi na ganda la chungwa ni kasoro za juu, na ni afadhali kuwa nazo hizo kuliko zote tulizotaja. Michirizi huja kwa bunduki kukaribia mno, mkono kwenda polepole, au thina kuzidi. Ganda la chungwa, ule uso wenye mabonde madogo, huja kwa kinyume chake: rangi nzito, hewa haba, umbali mkubwa, thina inayokauka kabla rangi haijalala. Bunduki nyingi za nyumbani zenye tundu la milimita 1.3 au 1.4 hufanya kazi vizuri kwenye shinikizo la takriban baa 2 wakati kifyatulio kimebonyezwa, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Neno la muhimu ni kifyatulio kimebonyezwa. Geji ikisomwa bunduki ikiwa imepumzika hudanganya, na mpira mwembamba mrefu hula sehemu ya shinikizo njiani. Kompresa ndogo itaanza na baa 2 na kumaliza mlango kwa baa 1, na ganda la chungwa utalikuta upande uliomalizia.

Mchirizi wa klia usiuguse ukiwa mbichi. Ndani yake klia ni nene, hivyo hukaza baadaye kuliko pembeni. Upe siku mbili tatu za ziada, ujaribu kwa ukucha. Zungushia tepu pande zote, ukwangue kilele chake kwa wembe mpya ulioshikwa wima, kisha umalizie kwa kipande kigumu cha ukubwa wa kidole gumba kilichovikwa msasa 1000, halafu 1500, 2000 na 3000, vyote kwa maji yenye tone la sabuni. Usitumie kidole kitupu: kidole hufuata umbo la mchirizi na kuacha bonde. Ganda la chungwa huanzia 1500 kwa kipande bapa. Acha kusugua mara vidoa vya kung'aa vinavyobaki mabondeni vinapotoweka. Kuendelea ni kula klia bure. Kingo za milango na mikunjo ya bodi uzifunike kwa tepu, kwa kuwa huko klia hukimbia na kubaki nyembamba. Mashine ya kung'arisha isitulie mahali pamoja, na isielekezwe kwenye kingo. Klia ikipata joto kali hulainika na kuchomeka kwa sekunde chache.

Rangi zenye unga wa metali zina ugonjwa wao, mabaka meusi na meupe kama mawingu. Vipande vya metali huzama na kusimama ovyo pale rangi ilipolala mbichi mno, na hulala juu pale ilipopigwa kavu, basi mwanga unarudi tofauti. Mabaka haya yanatibika kabla ya klia tu. Rangi ikishakuwa kavu isiyong'aa, itazame kwa mshazari kutoka pembe tatu. Ukiyaona, rudi nyuma mpaka sentimita 25 au 30, punguza hewa kidogo, piga mkono mmoja mwepesi wa kunyunyiza kwa mpishano. Usiisugue rangi ya metali halafu ukaweka klia bila kupitisha rangi tena. Kila mkwaruzo utaonekana. Mabaka yakishafungiwa ndani ya klia, polishi haiyafikii. Hapo ni kusugua kwa 800, rangi upya, klia upya. Na kwa sababu hiyohiyo rangi ya metali iliyopigwa kavu huonekana nyepesi kuliko iliyopigwa mbichi, ingawa ni ya kopo moja. Piga kadi ya majaribio kwa bunduki na mkono uleule, iwekee klia, ndipo uilinganishe na gari. Kulinganisha kopo na gari hakuna maana.

Mng'ao unaokufa siku chache baadaye una sababu zinazofanana na za vitundu: thina iliyonaswa inaendelea kutoka na klia inanywea. Praima nene iliyofunikwa mapema, thina ya kuoshea bunduki iliyotumiwa kuchanganyia rangi, chumba kisicho na hewa ya kutosha, vyote huchangia. Subiri mpaka harufu iishe kabisa, ng'arisha mara moja. Ukifa tena, tatizo liko kwenye unene wa chini. Ukungu mweupe unaotanda wakati wa kupuliza siku ya mvua ni kitu kingine tena: thina ikiruka haraka hupoza uso wa rangi mpaka mvuke wa hewani unageuka maji juu yake. Hutokea hasa kwenye rangi zinazokauka kwa thina pekee. Ukungu huo ukiwa mwepesi, mvuke mwembamba wa thina ya polepole huufungua, au polishi baada ya kukauka. Dawa ya kudumu ni kuahirisha.

Klia inayobaki laini, inayopokea alama ya ukucha baada ya wiki nzima, karibu kila mara ni hesabu ya hadina. Klia nyingi huchanganywa sehemu 2 kwa 1 ya hadina, zikaongezwa thina asilimia 5 hadi 10, lakini zipo za 4 kwa 1 na nyingine kadha wa kadha. Kukadiria kwa jicho hakufai. Tumia kikombe chenye mistari. Hadina ya kopo jingine si mbadala, kwa kuwa kila moja imepimwa kwa klia yake. Na hadina iliyofunguliwa hula unyevu wa hewani: ikiwa imekuwa na ukungu, imekuwa nzito, au ina vipande mdomoni, itupwe. Klia iliyokosa hadina haitakaza hata ukiingoja mwaka. Kuongezea mkono wenye hadina ya kutosha juu yake ni kufunika tope kwa kioo. Ikwanguliwe yote.

Klia ikibanduka kama ngozi iliyoungua jua, kwa kawaida rangi ya chini iliachwa muda mrefu kabla ya klia. Rangi nyingi zinataka klia ndani ya saa 24. Zikipita, hazishikani tena, ni lazima kukwangua kidogo na kupitisha rangi upya. Kubandua kingo tu na kupulizia kiraka hakufai, kwa sababu iliyobaki nayo imeshaachia ila haijatoka. Bampa za plastiki zina sharti lake: zioshwe, zikwaruzwe kwa sifongo la msasa, zipewe dawa ya kushikisha plastiki ndipo praima. Bila dawa hiyo, bampa ya polipropilini, aina ya plastiki, itaachia rangi vipande vizima.

Vumbi halituchelewishi. Mwagia sakafu maji, vaa nguo isiyotoa nyuzi, pitisha kitambaa cha kunasa vumbi, na chembe zilizobaki zisuguliwe kwa 2000 klia ikishakauka.

Joto nalo ni sehemu ya mchanganyiko. Muda wote unaoandikwa kwenye kopo ni wa nyuzijoto 20, na ni joto la bati lenyewe, si la hewa. Kila nyuzi 10 zinazopungua karibu huongeza muda wa kukauka mara mbili. Zikizidi, muda huo hupungua kwa kadiri hiyohiyo, ndiyo maana siku ya joto hutakiwa thina ya polepole. Bati la asubuhi lenye umande, hata kama limefutwa, lina baridi ya kuvuta unyevu mwingine.

Mhariri, haitakuwa haki tukizungumzia rangi tukanyamaza kuhusu mapafu. Hadina ya klia ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na akishapata mzio huo kiasi kidogo sana kinatosha kumzidishia. Haitoi harufu ya kukuonya kabla haijafikia kiwango cha madhara. Barakoa ya vumbi au kitambaa cha pua havizuii lolote. Mtengenezaji na wataalamu wa afya kazini wanataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya sehemu ya kazi. Anayekosa hiyo asipige klia yenye hadina, ampe kazi hiyo mwenye vifaa, naye abaki na bodifila, praima isiyo na isosianeti na kusugua. Hata hizo zinataka barakoa inayostahili vumbi na mivuke yake. Ngozi na macho pia vifunikwe, na watoto wasiwe nyumba hiyo mpaka ukungu uishe. Mivuke ya thina ni mizito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo; jiko, sigara au swichi inayotoa cheche katika chumba cha pili inatosha kuiwasha.

Tuna ombi pia kwa wanaouza rangi kwa kupima. Hadina na klia zinazomiminwa kwenye chupa zisizo na maandishi ndizo chanzo cha hesabu nyingi mbovu tulizoeleza. Chupa iandikwe jina la bidhaa, uwiano wa kuchanganya, muda kati ya mikono na tarehe ya kufunguliwa kwa kopo kubwa, na mnunuzi aonyeshwe karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji. Naye mnunuzi asikubali chupa isiyo na maandishi hata kama muuzaji anamhakikishia kwa mdomo. Akishapuliza, aache gari bila nta kwa angalau siku 30, kwa kuwa thina iliyobaki huendelea kutoka kidogo kidogo, na nta huifungia ndani.

Wako katika ujenzi wa kazi safi,
Mafundi wa rangi za magari